Mitungi Miwili ya Njano

Siku ya tatu ya safari yetu ya Naivasha, mavyaa wangu aliamka alfajiri kutia udhu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa na nyota hazijazima. Mimi nilikuwa hemani, macho, maana usingizi wa mama aliye na watoto porini ni wa jicho moja. Nikasikia mlango wa gari ukisukumwa taratibu, nikasikia kopo likigonga mtungi, kisha kifuniko kikalia "fsss" kama chupa ya soda iliyotikiswa. Kimya kidogo. Halafu nikasikia "Lahaula!" kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake kwa miaka 12 niliyoolewa na mwanawe, na nyuma yake kishindo cha kitu kizito kuanguka.

Kisa chenyewe kilianza Ijumaa, kwa pilau. Lakini mbegu yake ilipandwa miezi miwili kabla, pale baba watoto aliponunua Hiace kuukuu iliyokuwa matatu, akang'oa viti vyote na kuanza kuigeuza nyumba. Kila Jumamosi alikuwa chini ya gari hilo uani kwetu Nairobi na msumeno mkononi. Akaweka kitanda cha mbao, kabati, jiko la meko, na sinki ndogo ya bati karibu na mlango. Juu ya sinki aliweka mtungi wa njano wa lita 20 wenye bomba dogo, huo wa maji safi. Chini ya sinki aliweka mtungi mwingine wa kupokea maji yaliyokwisha kutumika. Yote miwili ilikuwa mitungi ya mafuta ya kupikia, imenunuliwa siku moja kwa muuzaji mmoja, na ukiiweka sakafuni pamoja huwezi kujua kulwa ni upi na doto ni upi. Nilimuuliza tutaitofautishaje.

"Wa juu ni wa juu," akasema, "na wa chini ni wa chini."

Nikaridhika na jibu hilo. Ningekuwa nimetafuta kipande cha kitambaa na kukifunga kwenye mkono wa mtungi mmoja, jambo la dakika moja, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Tulikuwa watu saba: mimi na baba watoto, wavulana wetu wawili, kitinda mimba wetu wa kike, wifi yangu, na mavyaa, ambaye alikuwa amepanda kutoka Mombasa kwa likizo ya Disemba na alitaka, kwa maneno yake, kuliona ziwa lisilo na chumvi. Tulipiga kambi upande wa kusini wa ziwa, chini ya migunga ile mikubwa yenye magome ya manjano. Mingine imesimama ndani ya maji, imekauka, matawi meupe kama mifupa. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 likaimeza miti iliyokuwa nchi kavu, na korongo wanatua juu yake jioni. Kati ya hema na maji palikuwa na waya wa umeme wa kuzuia viboko, maana usiku hutoka majini kuja kula nyasi na hawaombi ruhusa kwa mtu.

Kambi ilikuwa na mahali pa kuoshea vyombo, paa la mabati na masinki manne ya saruji. Tulipaona. Palikuwa mbali kidogo na gari letu, giza lilikuwa limeshaingia, tumechoka kwa safari, na pilau ilikuwa imeshika chini ya sufuria. Wifi akachukua sufuria na beseni, akasugua kwa sabuni ya unga nyuma ya hema, akamwaga maji papo hapo kwenye mzizi wa mgunga. Mavyaa akamwita kutoka ndani ya gari: "Umesema bismillahi?"

"Nimesema, mama."

Kwetu pwani mtu hamwagi maji gizani kimyakimya. Unataja jina la Mungu kwanza, umpe nafasi yule usiyemwona aondoke njiani, asije akamwagikiwa yeye au watoto wake. Nimekua na desturi hiyo na siku zote nimeiona ni adabu. Usiku ule niliisikia tu, nikalala.

Asubuhi tulikuta wageni. Kwanza sisimizi, mstari mweusi mnene kama kidole, kutoka kwenye mgunga hadi chini ya hema, wakibeba punje za wali moja moja. Kisha tumbili. Walikuwa kumi au zaidi, wakichambua udongo wenye mafuta kwa vidole vyao vidogo, na walipomaliza punje za chini wakaona hakuna sababu ya kuondoka. Mmoja aliingia garini akatoka na mkate mzima. Mwingine alikaa juu ya meza yetu akamtazama mtoto wangu wa miaka minne usoni, akamnyang'anya ndizi aliyokuwa ameishika, na mtoto akalia hadi akapaliwa. Tumbili wale hawakuwa na kosa. Sisi tuliwatandikia jamvi. Na mnyama aliyefunzwa kwamba penye hema pana chakula, mwisho wake huwa ni mateke na mawe, na pengine sumu.

Nilimwambia wifi maneno ambayo yalikuwa ya kweli lakini niliyasema mbele ya watu, na kwa sauti ya darasani, maana mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi na sauti ile hunitoka bila kuitwa. Wifi akanuna. Akasema, "Basi wifi, leo osha wewe," akaenda kukaa kando ya waya na leso yake begani.

Mwanangu mkubwa, aliyesikia yote hayo, akaona atatue tatizo. Vyombo vya chai vilipooshwa alichukua beseni lenye povu, akapita kwenye kigeti cha waya na kuelekea ziwani. Nilipogundua na kumkimbilia, alikuwa ameshasimamishwa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu zake kando ya mashua.

"Kijana, hayo maji unayapeleka wapi?"

"Nayarudisha ziwani, mzee. Yalitoka huku."

"Yalitoka huku yakiwa na sabuni?"

Mwanangu akanyamaza. Mzee hakumkaripia. Alimwambia aweke beseni chini, akamshika mkono, akampeleka ukingoni ambapo magugu maji yalikuwa yamejikusanya kama zulia. Akang'oa moja na kumpa. Nimefundisha habari za gugu hilo miaka mingi, lakini sikuwahi kulishika. Kikonyo chake kimevimba katikati kama kitunguu, ukikiminya ni laini, ndani kimejaa hewa kama sponji, ndiyo maana linaelea. Ua lake ni la zambarau hafifu lenye doa la njano, zuri kabisa. Na chini yake inaning'inia mizizi myeusi, mirefu, myembamba kama nywele zilizolowa, inayonyonya chakula moja kwa moja kutoka majini.

"Hili ndilo litakunywa maji yako," mzee akasema. "Mimi nilipokuwa kijana halikuwako huku."

Na kweli halikuwako. Ni mmea wa Amerika Kusini, na Naivasha lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Likipata joto na chakula cha kutosha linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa kama wiki mbili. Chakula chake ni naitrojeni na fosfeti, na sabuni nyingine za unga zina fosfeti, na mabaki ya chakula yakioza hutoa vyote viwili. Zulia likifunga, mwanga haufiki chini, hewa ya majini inapungua, samaki wanakufa au wanahama, na mashua ya mzee haipiti. Alituonyesha injini yake ilivyosokotwa na mizizi asubuhi hiyo hiyo.

Kisha akasema jambo ambalo nililijua kwa kitabu na sikulijua kwa moyo. "Ziwa hili halina mlango wa kutokea." Mito inaingia, Malewa mkubwa na Gilgil mdogo, na hakuna mto unaotoka. Maji mengi huondoka kwa kupanda hewani na jua, na mengine hupenya chini ya ardhi, yakichukua chumvi. Ndiyo sababu Naivasha ina maji baridi ilhali jirani zake, Elementaita na Nakuru, ni ya magadi. Lakini hapana mkondo wa kulisafisha kama mto unavyojisafisha kuelekea baharini. Ziwa hili lina hadhi ya kimataifa, limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 1995, na bado kila kinachotupwa ndani yake kina nafasi kubwa ya kubaki humo humo.

Najua beseni moja la vyombo vya chai halifui dafu mbele ya maji ya mji wenye watu wengi, mbolea ya mashamba ya maua yaliyozunguka ziwa, na udongo unaoteremka na Malewa kila mvua inaponyesha. Mzee naye alijua. Lakini alisimama na mwanangu robo saa nzima kwa ajili ya beseni hilo moja, akaacha nyavu zake, na mimi nikaona aibu ya mtu anayeandika neno "fosfeti" ubaoni kila mwaka na kulala fofofo wakati maji ya sufuria yakimwagwa nyuma ya hema lake.

Aibu ikanipeleka upande wa pili. Nilirudi nikatoa amri: tone lisimwagwe chini. Maji yote yaende kwenye mtungi wa chini ya sinki, tutayachukua nayo hadi Nairobi. Maji ya vyombo, ya kunawa, ya kupigia mswaki. Na kwa kuwa tulinunua samaki wa yule mzee, tukawaparua magamba na kuwaosha pale pale kwenye sinki, maji ya damu na utumbo nayo yakaingia mtungini. Baba watoto aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa ile sauti ya darasani.

Siku nzima gari lilikaa juani limefungwa madirisha kwa ajili ya tumbili. Hapo sikuhitaji mtu wa kunifundisha, nilihitaji kukumbuka tu. Maji yaliyotumika si maji yaliyolala. Yamejaa mafuta, wanga na protini, na vijidudu vinakula karamu. Vinamaliza hewa iliyomo kwanza, na katika chombo kilichozibwa hewa nyingine haiingii, basi wanakuja vijidudu wa aina nyingine wasiohitaji hewa, na wao hutoa gesi. Mojawapo ya gesi hizo ndiyo inayonuka yai viza. Maji ya beseni yakikaa zaidi ya siku moja kwenye joto huanza kufanana na maji ya chooni.

Jioni mtungi wa chini ulikuwa umejaa pomoni. Baba watoto akauchomoa ili aweke ndoo ya kupokea yatakayofuata, akauegesha mlangoni. Kisha akaenda bombani kujaza mtungi wa maji safi uliokuwa umebaki mtupu, akarudi usiku, akaona tabu kuupandisha juu ya sinki, akauegesha mlangoni pia. Miwili. Ya njano. Bega kwa bega.

Mavyaa anasema aliufungua mtungi, ukapumua, akadhani ni mambo ya miinuko, kwa sababu Naivasha ni karibu mita 1,890 juu ya bahari na tangu tufike kila pakiti aliyotoka nayo Mombasa ilikuwa imefura. Akamimina kopo, akaosha viganja. Akahisi utelezi. Akakinga kiganja kupeleka maji mdomoni ili asukutue, na hapo ndipo harufu ilipomfikia. Akaliachia kopo, akajirudisha nyuma, mguu ukagonga mtungi, mtungi ukaanguka ndani. Nusu ya lita 20 ikamwagika juu ya godoro ambalo wifi na binti yangu walikuwa wamelalia.

Nilifika mlangoni pekupeku. Wifi amesimama juu ya kitanda, mtoto kifuani, nguo zimelowa. Mavyaa yuko nje, mikono ameiweka mbali na mwili wake kama ya mtu aliyeungua. Taa ya simu ya baba watoto ikamulika mlangoni, na hakuna aliyesema neno. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke huyu alinipokea nyumbani kwake kama mwana, naye katika umri wa miaka 71 nimemtia uchafu mikononi saa ya kuelekea kwa Mola wake.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Hakunijibu mara moja. Aliomba maji safi na sabuni, akaosha mikono hadi viwiko, mara tatu, akanusa, akaosha tena. Akatia udhu, akaswali juu ya mkeka chini ya mgunga. Sote tulimsubiri. Alipotoa salamu aligeuka akaniambia, kwa upole kuliko nilivyostahili:

"Mwanangu, maji yana mambo matatu: rangi, ladha, harufu. Yakibadilika kwa kutiwa kitu, hayafai tena kwa udhu, na hilo unalijua. Lakini hayajawa kitu cha kufungiwa gizani. Mchanga unayataka. Wewe umeyanyima mchanga."

Kisha akamwita wifi yangu, akaniita na mimi, akatuweka kazini pamoja, wifi kushoto, mimi kulia, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi. Ndani ya kikapu chake cha jikoni alichotoka nacho Mombasa mlikuwa na kifumbu, kile cha kukamulia tui, kilichosukwa kwa ukindu na kugeuka rangi ya kahawa kwa miaka ya nazi. Alikishika muda, akakipa wifi. "Kitaharibika, mama," wifi akasema. "Kitasukwa kingine." Wifi akakishika juu ya ndoo, mimi nikamimina yale yaliyobaki mtungini, tukapumua kwa midomo. Ndani ya kifumbu zilibaki punje za wali, magamba ya samaki yanayong'aa, vipande vya nyanya, utando mweupe wa mafuta. Konzi nzima. Hizo tukazifunga kwenye mfuko, zikaenda nyumbani na takataka zetu nyingine. Tulipokamua mara ya mwisho, wifi aliniambia, bila kunitazama, "Ungeniambia pembeni, wifi, ningekusikia." Nikamwambia ni kweli.

Kijana mhudumu wa kambi alikuja kuona kulikoni. Akatupeleka kule kwenye masinki tuliyoyakwepa siku ya kwanza, akatuonyesha nyuma yake. Maji ya masinki huingia kwanza kwenye kisanduku cha saruji chenye mfuniko. Mafuta huelea juu yakanasa, na bomba la kutokea limewekwa chini, kwa hiyo maji yanayotoka yameacha mafuta nyuma. Yanaingia kwenye shimo pana lililojazwa kokoto na changarawe, yanazama polepole, na kulizunguka shimo imepandwa migomba. Sijaona migomba minene vile. Kila wiki yeye huchota mafuta ya kisandukuni na kuyazika mbali. Akatusaidia kumimina yetu kidogo kidogo, ili shimo lipate kumeza.

"Na pasipo na shimo kama hili?" baba watoto akauliza.

Akacheka. Akasema watu wake wa kijijini hawakuwa na shimo la kokoto na hawakunywa sabuni. Unachuja, unakwenda mbali na maji, unayarusha yatawanyike juu ya udongo wenye majani, na kesho unarusha mahali pengine. Hiyo ndiyo kanuni ile ile wanayofundishwa wapanda milima Marekani, futi 200 kutoka ziwani au mtoni, yaani mita 60, hatua 70 hivi za mtu mzima. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, ndio wenye vijidudu wa kuvunja sabuni na mizizi ya kunyonya fosfeti. Ukiyamwaga kwa wingi mahali pamoja unauzamisha na kuuziba pumzi. Na sabuni inayotangazwa kwamba inaoza, inaoza kwa kazi ya udongo huo huo. Ziwani ni uchafu kama sabuni nyingine.

Mchana ule mavyaa alituoshea vyombo yeye mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, ili tuone. Kila sahani ilifutwa kwanza kwa kipande cha chapati, na chapati ikaliwa. Sufuria ilisuguliwa kavu kwa kumbi la nazi na jivu la mkaa, mafuta yakashikana na jivu yakawa kama udongo, yakafutwa kwa karatasi. Hapo ndipo maji yalipoguswa. Vyombo vya watu saba alivimaliza kwa beseni moja la kuosha na nusu beseni la kusuuza, na sabuni ya kipande aliyoipitisha mara mbili tu kwenye kitambaa. Mimi ningetumia mabeseni matano. Nilipomwambia hivyo alinieleza kwamba yeye alikua akichota maji kisimani kwa kichwa, na mtu aliyebeba maji kwa kichwa hayamwagi ovyo.

Godoro tulilikamulia ndimu tukalianika siku nzima. Halikupona kabisa. Baba watoto amelikata, akabakisha upande mzuri, watoto wanalikalia.

Kabla ya kuondoka mavyaa alichana pindo la leso yake nyeusi akalifunga kwenye mkono wa mtungi wa chini, mafundo mawili. Bado liko. Mwezi Aprili tulikwenda tena, mahali pengine, pasipo na masinki wala shimo la kokoto. Jioni mwanangu mkubwa alichukua beseni lililochujwa, akalipa ziwa mgongo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nilimsikia kupitia vichakani, sauti ikififia: sitini na nane, sitini na tisa, sabini. Akasimama.

"Bismillahi," akasema, akayarusha.